Runzewe Amerudi Zizini

Kwa Fundi Paskazia,
Segese Senta, Msalala,
Shinyanga.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Valerian,

Marahaba naitanguliza, maana najua ungenipa shikamoo kwanza hata kama tumenuniana. Hujambo lakini? Na wifi yangu Noela anaendeleaje huko Poland baada ya baridi ile? Picha aliyomtumia shangazi niliiona, kavaa koti zito mwezi ambao mimi nalala bila shuka. Afya zenu ndizo ninazoziulizia kwanza, mengine yote yanafuata.

Sisi huku tuko salama. Vumbi ndilo tabu yetu, malori yanapita toka asubuhi, nguo nikianika nyeupe naanua nyekundu. Cherehani inafanya kazi, ovaroli za wachimbaji zinakuja zimechanika magotini kila wiki, na mimi nakula kwa magoti hayo hayo.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ninayo na bando ninalo. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni aibu, kwa sababu kwenye simu ningeanza kulia kabla sijasema nililotaka. Ya pili utaiona mwenyewe kule chini. Usiruke, nakujua. Soma kwa mpangilio.

Aibu unaifahamu. Ni ule ujumbe wa sauti niliokutumia mwezi wa nne, siku mzigo wako ulipofika. Nilikuwa nimekuomba fimbo ya kutembelea ile ya miguu minne na dawa ya kuchua. Nikafungua boksi nikakuta kimashine cha kuchezea gemu. Nikasema maneno ambayo dada hamwambii mdogo wake. Nilisema mkono wa Baba unakufa na wewe unatuma midoli, Ulaya imekutoa akili. Ukanyamaza, nami nikanyamaza, tukabaki kuulizana hali kupitia kwa shangazi Mageni kama watu waliogombania shamba.

Naomba unisamehe, Vale. Nimeandika mapema ili usome yaliyobaki ukijua kwamba nimeshaomba.

Hali ya Baba sikukueleza yote wakati ule. Kiharusi cha mwezi wa pili kilimshika upande wa kulia wote. Mguu ulianza kurudi wenyewe, taratibu. Mkono ulikataa. Dada Samia, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayetuhudumia hospitali, aliniita pembeni akaniambia vidole vimeanza kujikunja, na kama Baba hatautumia ule mkono mpaka kufika mwezi wa nane, basi tusiutegemee tena. Akampa mpira mdogo wa kuminya mara mia kwa siku. Baba aliutazama, akauweka chini, mbwa wa jirani akaondoka nao. Alisema yeye si mtoto.

Akawa anauficha mkono chini ya shuka hata mchana wa jua kali. Na lililoniuma kuliko yote ni kwamba aliacha kusema wabeja. Unamjua Baba, mtu ambaye ukimmiminia tu maji ya kunawa anakuambia wabeja, na asante ya Kiswahili kwake ni ya ofisini. Tangu augue, nikimlisha kimya, nikimfunga vifungo kimya, anageuza uso ukutani. Alikuwa anaona haya kuhudumiwa na mtoto wake. Mimi nilikuwa natoka nje kana kwamba nafuata uzi, kumbe nafuta macho.

Basi mwezi wa tano, siku moja umeme ulikuwepo na kazi hakuna, nikakitoa kile kimashine stoo nikasema ngoja nione huu upuuzi. Nikueleze nilivyouona, kwa macho ya fundi cherehani ambaye Kiingereza chake kiliishia kidato cha nne.

Mwanzoni kuna mama mmoja mwenye kikapu, anakupa uchague mnyama mmoja kati ya watatu wachanga. Kisha unaachiwa bonde zima utembee. Nyasi zikitikisika, anatoka kiumbe. Wako vyura wenye kengele shingoni, wako ndege wanaobeba taa mkiani, na wako wengine wana pembe ndefu na mgongo ulioota majani, wanatembea polepole na kulia kabisa kama ng'ombe. Unamrushia kitanzi cha kamba. Ukimpata ni wako, unampa jina, anaingia zizini. Mvua ya mle ndani ndiyo iliyonishangaza, inaanzia mbali mlimani na unaiona ikija mpaka inakufikia, kama hapa kwetu.

Kasoro zipo, sikufichi. Herufi ni ndogo mno. Na watu wa kwenye hilo gemu wanaongea kupita kiasi. Kuna mwalimu mmoja alinieleza habari za nyasi muda ambao ningeshona suruali mbili. Lakini kazi ya mikono naitambua nikiiona, na aliyewachora wale wanyama alikaa akatulia.

Baba alikuwa kwenye kiti chake hapo barazani, kanipa mgongo. Yule mwenye pembe akalia. Baba akageuka akauliza ng'ombe wa nani huyo. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu juzi yake.

Nikamwonyesha. Akakichukua kwa mkono wa kushoto, akakipakata, na sikukipata tena siku hiyo. Wa kwanza aliyemtaka alikuwa mweupe mwenye shingo nyekundu. Akamwita Runzewe. Unamkumbuka Runzewe wetu, yule aliyenunuliwa mnada wa Runzewe, ambaye wewe ulikuwa unamnyonya moja kwa moja Mama akiwa hayupo? Alikuwa wa mwisho kufa katika ukame ule uliotumalizia zizi. Baba hakuwahi kumtaja tangu siku tuliyomfukia, na sasa akawa anamtaja kutwa nzima.

Sasa sikiliza Msukuma alivyocheza. Gemu lenyewe linataka wanyama wapigane. Mbele kuna mto, na kwenye daraja kuna mlinzi, hupiti mpaka umshinde. Baba alikataa katakata. Alisema ng'ombe hawapelekwi vitani. Jilala, mchimbaji mmoja mteja wangu, alikuja kuchukua ovaroli yake akakaa saa nzima akimbembeleza apigane, mpaka nikamkumbusha ana shimo linamsubiri. Baba alibaki kwenye bonde lile la kwanza wiki baada ya wiki, akikusanya wale wa pembe tu. Vyura hakuwataka, ndege hakuwataka. Na kila asubuhi aliwapitia wote. Namba hataji, si unajua mwiko wake wa kuhesabu ng'ombe, alikuwa anamfungua mmoja mmoja, anamtazama mbele na nyuma, ndipo anakunywa uji.

Ila kitanzi kilikuwa na shida. Unashikilia kwa kidole gumba cha kushoto, halafu unaachia kwa cha kulia, kwa pamoja. Cha kulia hakikuwa na kazi. Kwa hiyo Baba anatembea, anavizia, akimpata anaita, Paska. Naacha cherehani na sindano ikiwa ndani ya kitambaa, naenda nabonyeza, narudi. Nilijiona binti mwema sana. Nilisema moyoni, angalau amechangamka, mkono tuuache.

Siku moja mwezi wa saba zizi likajaa. Gemu likaandika kwamba ukitaka mwingine lazima umwachie mmoja. Baba hasomi Kiingereza, akanipa. Nilikuwa na haraka, mteja amesimama mlangoni, nikaona wale wote ni wa aina moja, pembe na majani, majani na pembe. Nikabonyeza yule aliyekuwa juu kabisa. Nikamrudishia.

Alikuwa Runzewe.

Vale, Baba alipitia zizi lote mara mbili, kisha akaniangalia. Akasema, na maneno yakatoka yamenyooka kuliko siku zote tangu augue: "Zizi zima, Paskazia, ukamfungulia huyo? Kaa mbali na ng'ombe wangu." Mteja wangu alitoka bila kuaga. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikasoma maelezo yote siku ile, na yule mwalimu mwenye maneno mengi nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikaelewa kwamba mnyama ukimwachia hafi wala hapotezi jina. Anarudi alikozaliwa, na hao wa pembe wanazaliwa kule mlimani, ng'ambo ya mto, bondeni wanashuka kula tu. Ukimfuata ukamrushia kitanzi, anarudi kuwa wako. Nikamwambia Baba. Akaichukua ile fimbo yake ya kuchungia iliyoning'inia ukutani miaka mitatu, akailaza mapajani, akawasha gemu akaenda darajani kupigana.

Alipigwa. Akapigwa tena. Nilijaribu kusogea nimsaidie akanizuia kwa bega. Na hapo ndipo nilipoona mkono wa kulia umetoka chini ya shuka. Aliubeba kwa ule wa kushoto kama mtu anavyobeba mtoto, akaulaza juu ya kimashine, akakiweka kile kidole gumba kwenye kitufe cha kupigia. Kidole hakikusogea. Akakitukana kwa Kisukuma, maneno ambayo sitayaandika kwenye barua ya kupita posta.

Hiyo ilikuwa kazi ya siku kumi na moja. Asubuhi, mchana, mpaka macho yakawa mekundu nikawa namnyang'anya ili ale. Siku ya tano kidole kilitikisika. Siku ya nane akamshinda mlinzi, na nikasikia mtu anapiga mluzi barazani, ule mluzi wa kugeuza kundi, nikadhani mchungaji kapita. Alikuwa yeye. Siku ya kumi na moja akamkuta Runzewe mlimani, mweupe na shingo yake nyekundu, anakula majani bila habari na mtu. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeng'ata uzi, siwezi hata kuutema. Akavizia. Akashikilia kwa kushoto. Akaachia kwa kulia.

Kitanzi kikaingia shingoni.

Sikupiga vigelegele, niliogopa kumshtua. Nilikaa chini pale pale kizingitini.

Alhamisi tumekwenda hospitali. Dada Samia akamwambia ashike kikombe, akashika. Akamwambia ashike kalamu, akashika. Akamgeuza mkono juu chini, akaniuliza tumefanya zoezi gani. Nikaona aibu kusema, Baba akajibu mwenyewe kwamba alikuwa anatafuta ng'ombe. Amesema mkono unarudi, tusiache. Nguvu zote huenda zisije, lakini kula atakula mwenyewe na vifungo atafunga mwenyewe. Jana kafunga vinne. Cha tano kilimshinda, akakiacha wazi, akasema kuna joto.

Sasa lile linalonichoma. Juzi nilichukua boksi lako nitilie vifungo. Chini kabisa, chini ya ile karatasi ngumu, nikakuta kikaratasi chako. Umeandika: "Dada, hii ni ya mkono wa kulia wa Baba. Mwache ahangaike nayo mwenyewe. Usimsaidie." Nilikisoma nimesimama, nikakisoma nimekaa. Kumbe ulifikiria kila kitu, ukiwa mbali huko, mtu niliyemwambia hana akili. Na mimi hapa na wema wangu nilikuwa nambonyezea miezi miwili, nikikimaliza kile kidole kwa upendo. Kama nisingemfungulia Runzewe kwa bahati mbaya, mpaka leo ningekuwa nakimbia kutoka cherehani kwenda barazani.

Asante, mdogo wangu. Sina neno kubwa zaidi ya hilo, na ningekuwa nalo ningelishona. Umetupa mkono wa Baba, umempa na ng'ombe wake. Mungu akuone kama ulivyotuona sisi.

Habari nyingine ni chache. Shangazi Mageni amevuna mpunga mzuri, anakuwekea mchele kana kwamba unakuja kesho. Jilala anapita kila jioni kumuuliza Baba zizi likoje, na Baba anamjibu kwa dharau ya mwenye mifugo. Nimemwacha acheze kadiri anavyotaka, mimi nimekatazwa kugusa.

Shangazi anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Jilala naye kasema nimtaje, nimemtaja. Mpe Noela salamu zangu, mwambie koti lile lina mshono wa hovyo begani, akija nitalirekebisha. Mungu awalinde ninyi wawili, awape kazi, afya na njia nyeupe ya kurudi nyumbani.

Chini ya jina langu nimeacha nafasi. Hiyo ndiyo sababu ya pili niliyokuambia, Baba anaitaka karatasi. Tangu nimeanza kuandika amekaa hapa na kalamu yake anasubiri nimalize, na sasa ananifukuza mezani. Sijui ataandika nini. Anasema nisimsaidie.

Mimi dada yako nikupendaye, hata ninapofoka,
Paskazia

VALE
RUNZEWE AMERUDI
WABEJA
BABA