Mabeki Wawili Sasa Wananifuata Mimi

Béa,

Jana tumecheza na wasichana wa Kapolowe. Leo miguu inaniuma, mama ananiita twende misa, na mimi nimemwambia atangulie. Siwezi kwenda popote kabla sijakuandikia.

Tangu ulipotuacha, timu ya chuo imecheza mara nne. Ya kwanza ilikuwa wiki moja tu baada ya matanga. Kocha alitukusanya akauliza nani atasimama upande wa kulia. Mimi ndiye niliyejibu: "Kocha, tuache vile. Ku nafasi ya Béa hapana muntu wa kuingia." Wenzetu wakaitikia, na Kocha naye, macho yamemlowa, akakubali. Nilidhani ninakuheshimu.

Basi tukacheza bila winga wa kulia. Pasi tupu, fupi fupi, katikati, jinsi nilivyotaka siku zote. Tukafungwa mabao matatu. Mechi ya pili, vilevile. Ya tatu, nilitolewa kabla ya mapumziko, nikakaa pembeni na vumbi usoni nikijiuliza nimekuwa nani. Mguu wangu ni uleule, Béa. Pasi ni zilezile ambazo chuo kizima kilizisifu. Lakini kila nikiinua kichwa, mabeki wawili wamenisimamia, mpira unakatwa kabla haujafika kwa mtu.

Na wewe ulikuwa umeniambia. Ndiyo maana siwezi kulala vizuri.

Ile mechi yako ya mwisho ulikimbia na mpira, ukanyang'anywa. Ukakimbia tena, ukanyang'anywa tena. Nikakupigia kelele mbele ya watu wote: "Weye unacheza yako peke! Toa balo, pasi!" Tulipokuwa tunarudi nyumbani, umevua viatu, umevishika mkononi, ndipo ukasema polepole: "Odette, minye nikikimbia, mabeki babili banakuya kwangu. Weye unabakia wazi. Hauonake?" Nami nikakucheka. Nikasema pasi zangu hazimhitaji mtu. Hasira haikukukaa, ulininunulia hata karanga pale njia panda. Kocha alikuwa akituimbia jambo hilohilo kila mazoezi: "Mukikimbia tu, banazoea. Mukipasi tu, banazoea. Muchanganye!" Mimi nilisikia nusu ya maneno yake, nusu iliyonipendeza.

Siku nne baadaye homa ya matumbo ikakulaza. Nilikuja kukuona, unakumbuka? Niliketi ukingoni mwa kitanda nikakueleza habari za mitihani. Mitihani! Ulikuwa umekonda mashavu, ukanishika kidole kimoja tu. Nilikuwa nalo neno la kukuomba radhi, nikaliona dogo, nikasema litangoja upone.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mama yako. Nilikuwa nimemkwepa, sikufichi. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Unajua hakuwahi kuja uwanjani hata mara moja, na jinsi alivyokuwa akikugombeza kwa magoti yako yenye vidonda. Alinisogezea kigoda, akaendelea kuchambua. Kisha akasema: "Mwana, unionyeshe. Mutoto wangu alikuwa anafanya nini kule?"

Sikujua nianzie wapi. Nikachukua maharage nikayapanga juu ya ungo. Hili ni mimi, Mama. Hili ni Béa, pale pembeni. Haya meupe ni adui. Nikalisukuma harage lako mbele kwa kidole, na ili aelewe ilinibidi nisukume na meupe mawili yakufuate. Harage langu likabaki peke yake katikati, hakuna wa kulisumbua. Mama akalitazama. Akagusa lako, kisha langu. "Kumbe alikuwa anakuvutia bantu," akasema, "ili weye upite."

Nikasema, "Ndiyo, Mama." Halafu nikalia hadi maharage yakamwagika. Nilimweleza yote, kelele zangu mbele ya watu na kicheko changu njiani. Hakunikemea. Tuliokota maharage pamoja, moja moja, akasema tu kwamba wewe uliporudi nyumbani siku ile ulikula vizuri na kulala. Sijui kama alisema hivyo ili kunituliza.

Kesho yake nilimwendea Kocha nikamwambia, mbele ya timu nzima, kwamba nilikosea. Kisha nikamtafuta Ngalula, yule mwembamba wa mwaka wa kwanza anayekimbia hata akienda kuchota maji. Aliogopa. "Ile nafasi ya marehemu, minye hapana," alisema. Nilimwomba mara tatu, mwishowe akakubali.

Jana alisimama pale kulia. Sitakudanganya, kumwona mtu mwingine penye kivuli chako kuliniuma. Alikimbia, akanyang'anywa. Niliufungua mdomo, na maneno yaleyale ya siku ile yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Nikayameza. Nikapaza sauti: "Ngalula, rudilia! Kimbia tena!" Akakimbia tena. Wawili wakamfuata, akanirudishia mpira, na mbele yangu hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimesahau uwanja ulivyo mkubwa. Nikampa mshambuliaji wa katikati pasi ndefu, akafunga. Wapinzani nao walisawazisha kabla ya mwisho, tukatoka sare ya bao moja. Wenzetu walifurahi kana kwamba tumeshinda. Mimi nilienda nyuma ya goli nikainama, na Kocha akanifunika kwa koti lake bila kuuliza kitu.

Béa, waliponisifu kwa pasi, walikuwa wanakusifu wewe pia, na mimi nilichukua sifa zote nikaenda nazo nyumbani. Neno hilo nimelisema mbele ya mama yako, nimelisema mbele ya timu, na sasa nimekuandikia wewe uliyestahili kulisikia kwanza.

Msamaha sitaacha kuuomba, hata kama huna njia ya kunijibu. Pumzika, dada yangu, huko ambako hakuna wa kukupigia kelele. Nakuahidi hili: Ngalula akinifungulia njia, nitamwambia asante palepale uwanjani, jasho halijakauka. Sitangoja tena mtu apone.

Ni mimi wako,
Odette