Doa la Unyayoni

Jumanne, 6 Mei
Nimechekecha hina mara mbili leo. Siku ya sabini na moja ya eda tangu mume wangu afariki. Sitoki, kwa hiyo wateja wananifuata nyumbani. Jumamosi anaolewa Mariamu, mutoto wa wifi yangu Zaina. Ijumaa nitampamba hapahapa. Zaina kaleta piko, hina nyeusi ya dukani kutoka Bujumbura, hataki nyingine. Majani yangu eti ya kizamani.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, asingeigusa kabla ya kuijaribu. Miaka arobaini alipamba maharusi, Minago mpaka Nyanza-Lac, kwa kijiti cha mchikichi. Kila hina mpya alianza na doa moja katikati ya unyayo wake wa kushoto, ngozi ilipo laini. Alingoja siku mbili. Ndipo mkono wa mtu.

Jumatano, 7 Mei
Nimejipaka doa la piko unyayoni. Mwenye eda hapaki hina, najua. Lakini hili si pambo, ni kazi. Naogopa hata hivyo.

Alhamisi, 8 Mei
Zaina kaniona nikitawadha. Kafoka mpaka majirani wamesikia. Eti kaka yake hata hajakaa kaburini, mimi natafuta bwana! "Umerithi kwa bibi yako," kasema. "Naye alipaka hina ndani ya eda, Rumonge nzima ilijua."

Imeniuma sana. Nimetawadha upya, nikaswali. Bibi naye aliwaacha watu waseme.

Ijumaa, 9 Mei
Unyayo umevimba. Malengelenge matatu, yanawaka. Zaina kafika asubuhi na Mariamu, bado kanuna. Nimempindulia mguu.

"Tazama, wifi. Hii ingekuwa mikono ya mutoto wako."

Katazama weee. Kisha piko kaimwaga chooni, kajifunga kanga kiunoni, kauliza kinu kiko wapi. Tumetwanga majani, yale niliyoyajaribu kabla ya msiba. Radhi hakuomba.

Jumapili, 11 Mei
Harusi imepita salama. Hina ya Mariamu imekolea, nyekundu ya tofali. Zaina kaniletea wali na samaki mukeke, kaulizia mguu. Tumekula sahani moja.

Nimekumbuka siku tulipoiosha maiti ya Bibi. Unyayo wa kushoto ulikuwa na doa. Nilijua ni la kazi. Lakini niliogopa waoshaji wangerudia maneno yale ya eda, nikalisugua kwa sabuni. Nikasugua tena. Halikutoka. Lilikuwa limekolea vizuri.