Jora Chini ya Kitanda

Jumanne, 12 Aprili 1983

Darasa la kushona tena, baada ya kazi. Chumba cha nyuma ya kanisa, hapa Iringo. Mwanamume ni mimi peke yangu. Bado tuko kwenye miraba ya blanketi la viraka. Unazungushia kadibodi kwa chaki, unakata, unaacha upana wa kidole wa kushonea. Miraba yangu haikulingana. Mwalimu Rebeka aliifumua bila kusema kitu. Afadhali angesema.

Mama Nyakwesi, jirani yetu, hukaa kiti cha pembeni yangu. "Karani, hiyo sindano siyo taipureta. Usiigonge, ivute!" Wote wakacheka. Nikacheka nao. Kidole kilikuwa kinatoka damu.

Nilijiunga kwa sababu ya suruali. Zote zimeisha makalioni, na madukani hakuna kitambaa. Nimebaki kwa sababu ni mahali pekee ambapo siogopi.

Nyumbani naogopa. Chini ya kitanda cha shemeji kuna jora zima la kitenge. La njano, lina ndege wa bluu. Limepita Sirari usiku kutoka Kenya. Halina risiti, halina kibali. Tangu kaka afe, shemeji Nyangeta anauza nguo kwa wake za wavuvi, kipande kwa kipande. Ndivyo tunavyoishi, yeye, watoto na mimi. Akikamatwa atafungwa. Nalala chumba cha pili na nalijua lipo pale kama mtu anavyojua jino bovu.

Alhamisi, 14 Aprili

Bosi alituita makarani ofisini kwake. Yale tuliyokuwa tunayasikia redioni yamefika kwetu. Msako. Kila duka, kila nyumba. Anayekutwa na mali isiyo na risiti ni mlanguzi, anakwenda mahabusu. Kikosi kina askari, mgambo, na karani wa kuandika vitakavyokamatwa.

Karani ni mimi. "Una mwandiko mzuri," bosi alisema. Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Bunda kwanza. Kisha Butiama. Kisha Musoma mjini, na Iringo imo.

Nimemwambia shemeji. Alikuwa anachagua mawe kwenye dagaa. Hakuinua kichwa. "Waje," alisema.

Jumatatu, 18 Aprili

Bunda, mtaa wa Nyasura. Mvua tangu asubuhi. Nilikuwa naandika huku nimefunika karatasi kwa koti.

Mama mmoja alikuwa na sabuni ndani ya pipa la mtama. Mkuu wa kikosi, tunamwita Afande tu, alipindua pipa mlangoni. Mtama wote kwenye matope. "Andika, karani." Niliandika: sabuni. Yule mama hakumtazama Afande. Alinitazama mimi. "Baba, na mtama umeuandika?"

Nilijifanya naweka kalamu sawa.

Wakati wa kurudi nilipita kwa dada yake Mwalimu Rebeka kuchukua gunia la pamba ya darasa. Nilikuwa nimeahidi kabla ya mambo haya. Nililipandisha kwenye Landrova ya kikosi. Afande aliingiza mkono, akavuta pamba yenye mbegu zake.

"Ya nini hii?"

"Ya kujazia blanketi la viraka. Tunajifunza kushona, kanisani."

Alicheka mpaka akakohoa. "Jamani, serikali imenipa fundi viraka!" Askari wakacheka njia nzima. Hakuna aliyeuliza risiti ya pamba.

Jumatano, 20 Aprili

Butiama. Habari zimetutangulia. Watu wametupa mali zao. Nyuma ya zizi moja tulikuta majora ya nguo kwenye matope, ng'ombe wamepita juu yake. Yalikuwa mazuri. Afande aliuliza ni ya nani. Kijiji kizima hakijui. Kijana mmoja akasema, "Labda ng'ombe wanataka kushona suti." Alipigwa kofi.

Wakamchukua mzee mwenye zizi. Yeye mwenyewe alisema hayajui, na mimi namwamini. Mke wake alifuata gari kwa miguu. Nilikaa nyuma, magoti yangu yakigusana na ya mzee. Alikuwa ananuka maziwa na moshi. Niliangalia karatasi zangu.

Kwa hiyo kutupa hakusaidii. Kuficha hakusaidii. Kitambaa kizima kinaita watu. Nimefikiri njia nzima. Viraka havimshtui mtu. Afande alicheka tu.

Ijumaa, 22 Aprili

Nimegombana na shemeji. Nilimwambia tulikate jora lote. Liwe miraba, liwe blanketi la viraka kitandani, basi. Nani atamkamata mtu kwa viraka?

"Unataka nikate chakula cha watoto kiwe matambara?"

Nikasema watakuja wiki ijayo. Nikamsimulia yule mzee. Nikamsimulia mtama.

"Kaka yako alikuwaga anasema wewe ukipigiwa hodi unajificha," alisema. "Nilikuwa namkatalia."

Nililia. Mtu mzima, mwenye cheti cha kidato cha nne, nililia mbele ya watoto. Wegesa, yule mkubwa, alitoka nje. Manyama mdogo akaja kunishika goti. Shemeji akasema, "Haya. Kata. Ukate ulale."

Jumapili, 24 Aprili

Hatukwenda kanisani. Jana nilikuwa ofisini hadi jioni, kwa hiyo kazi yote ni leo. Mvua imetusaidia, hakuna mgeni aliyebisha.

Kwanza tulichemsha kitenge na majivu ili utoke ule wanga na kung'aa kwake. Kilikuwa kinanuka upya hata ukikiweka mbali. Tukakikausha juu ya moto, kisha mkasi. Nilikata mimi. Ndege wengi wamekatika shingoni. Wegesa alikuwa anatambaa sakafuni akitafuta vichwa vya kuwarudishia. Nilimkaripia. Baadaye nikaona vibaya.

Tulichanganya na kaptula kuukuu ya kaka, na shati langu la shule. Juu miraba, katikati pamba niliyoiomba darasani, chini mifuko ya unga tuliyoifumua. Mwalimu alifundisha kuanza kupitisha uzi katikati kwenda pembeni, ili matabaka yasihame. Nilianza pembeni kwa haraka. Pamba imekimbilia upande mmoja, blanketi lina kitambi. Shemeji alifumua akashona upya. Miraba iliyobaki tumeijaza kikapuni kama kazi ya darasa.

Jora lilionekana fupi kuliko nilivyodhani. Nikauliza kama ndilo lote. "Yameisha," shemeji alisema, akakata uzi kwa meno.

Leo nitalala.

Jumanne, 26 Aprili

Iringo.

Niandike kwa mpangilio.

Tulianza mtaa wa juu. Kila nyumba tuliyoimaliza ilitusogeza kwetu. Nilikuwa nimeshajifunza cha kusema. Ni kazi ya darasa, Afande. Ni viraka tu. Tulipofika, shemeji alikuwa amesimama mlangoni na Manyama mgongoni.

"Hapa kwa nani?" Afande aliuliza.

Mgambo mmoja akajibu, "Kwa karani wetu hapa."

"Aa, kwa fundi viraka! Twende mbele."

Basi. Hawakuingia. Hakuna aliyekanyaga kizingiti. Hakuna aliyeinama kutazama chini ya kitanda. Jora lingekuwa pale lote zima, wangepita vilevile.

Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi. Furaha ilinifikisha nyumba ya nne, karibu na kanisa, kwa Mwalimu Rebeka.

Kabatini kwake, chini ya vitabu vya nyimbo, kulikuwa na kitambaa kimekunjwa. Cha njano. Ndege wa bluu, wazima, wana vichwa vyao. Bado kinang'aa.

"Cha nani?"

Mwalimu alikitazama kitambaa. Kisha akanitazama mimi, si kwa muda mrefu. Yule mama hasemi uongo, hata darasani hasifu kazi mbaya. Akasema, "Kimo ndani ya nyumba yangu."

"Andika, karani."

Niliandika. Mwandiko haukuharibika hata kidogo.

Jumatano, 27 Aprili

Mwalimu amelala mahabusu. Shemeji ameniambia yote. Jumamosi, nikiwa kazini, alikata sehemu ya jora akampelekea Mwalimu amtunzie. Mwalimu hakuuliza kinatoka wapi. Alisema tu, weka hapo.

"Ulitaka kukata kila kitu," alisema. "Nikasema niokoe hata kidogo."

Nikamwambia wangepita tu. Alikuwepo mlangoni, alisikia mwenyewe. Nikasema, ni mimi. Uoga wangu ndio ulioitoa ile nguo nyumbani. Hakukataa.

Kisha akafunga kitambaa kichwani, akavaa viatu. Nilisimama mlangoni. Nikamwambia asubiri. Nikamwambia na jambo ambalo nitalijutia: kwamba Mwalimu ni mtu mzima, hana watoto wadogo, watamhurumia, watamwachia wenyewe.

Shemeji alinitazama jinsi unavyotazama samaki aliyekaa siku nyingi.

"Yule mama hakuniuliza hata swali."

"Na watoto, shemeji?"

"Watoto wana baba mdogo."

Nikasogea. Alitoka mvua ikinyesha, kwa miguu, kuelekea polisi. Sikumfuata. Nilibaki nimeshika mlango kana kwamba kuna upepo.

Jumamosi, 30 Aprili

Mwalimu Rebeka aliachiwa jana mchana. Shemeji wamemshika. Amewaambia nguo ni yake, ameinunua yeye, ameipeleka yeye. Hakunitaja. Askari wa zamu, tulikuwa naye Bunda, alinong'ona kwamba huenda waliokamatwa wakapelekwa Mwanza. Lini, hajui.

Nilipeleka uji. Ukapokelewa dirishani. Sikumwona.

Ofisini bosi anajua. Wote wanajua. Hajasema lolote ila, "Iringo uliandika vizuri." Nimeligeuza neno hilo kutwa nzima. Sijui kama ni sifa au onyo. Niliitikia asante tena.

Usiku Manyama hulala katikati yetu, mimi na Wegesa, kwa sababu anadondoka. Wegesa haongei nami. Anaongea na mdogo wake, anamwambia mama amekwenda Bukima kwa bibi. Sijamsahihisha.

Jumanne, 3 Mei

Nilikwenda darasani. Sijui nilitafuta nini. Nilipoingia, mazungumzo yalikatika. Kiti cha pembeni kilikuwa wazi, Mama Nyakwesi amehamia upande wa pili.

Mwalimu Rebeka amekonda usoni. Shingoni ana alama za kung'atwa na mbu, nyingi. Alinipa miraba kama wengine. Alipofika kwangu aliinama, akapitisha kidole juu ya mshono. "Unavuta uzi sana," alisema. "Kitambaa kinajikunja."

Nilitaka kumwomba radhi. Maneno niliyaandaa tangu Jumatano. Mbele ya wale mama wote hayakutoka. Alingoja kidogo, naamini alingoja. Kisha akaenda kwa mwingine.

Niliondoka kabla ya sala.

Jumamosi, 7 Mei

Shemeji na wenzake wamepelekwa Mwanza asubuhi. Niliambiwa baada ya gari kuondoka.

Jumapili, 8 Mei

Mvua imekatika. Ziwa limetulia, linaonekana jeupe kutoka mlangoni.

Nimefua sare za Wegesa. Pindo la sketi lilikuwa limeachia, nimelishona. Nilivuta uzi taratibu, halikujikunja. Aliivaa, akajitazama, akaenda kucheza. Hakusema asante wala sikuitaka.

Mchana tumekula ugali na dagaa. Manyama huulizia mama asubuhi tu siku hizi. Ikifika saa sita anakuwa ameacha.

Mtu wa ofisi alikuja baada ya chakula. Kesho kikosi kinakwenda Bukima. Bukima ndiko kwao shemeji. Mama yake anakaa karibu na mwalo wa wavuvi, ananijua tangu siku ya harusi ya kaka, hunichagulia sato mkubwa kila nikienda. Nitafika mlangoni kwake na karatasi mkononi.

Nimefikiri kusema naumwa. Nikitolewa kazini, hawa wawili watakula nini? Nimemwambia mtu wa ofisi nitakuwepo.

Nilivuka na Manyama kwenda kwa Mama Nyakwesi kumwomba akae na watoto hadi nirudi. Alikuwa anaanua nguo kambani. Aliikunja shuka hadi mwisho, pembe kwa pembe.

"Walete," alisema. "Wasije na njaa."

Alisema hayo akimtazama Manyama.