Nano Anayokunywa Baba Yako

Mwanangu Kabula,

Uko mbali, na simu huipokei, basi nakuandikia. Wakisoma na wengine, wasome. Baba yako ameacha kwenda kliniki.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaoshea dhahabu uani, kabla hatujahamia Kalangalala? Baba anakamua zebaki kwenye kitambaa kwa mikono mitupu, nawe umechuchumaa kando ya karai, unacheka inavyokimbiakimbia. Nikikufukuza, ananiambia, "Mwache aone kazi ya baba yake." Akiichoma, moshi tunauvuta sote. Leo daktari anasema zebaki imemwingia mwilini. Mikono ile inatetemeka hadi tonge linamdondoka, na kwa aibu anakula ametupa mgongo.

Likizo iliyopita ulimkalisha ukamweleza masomo yako. Ulisema nano ni udogo tu, ule usioonekana kwa macho, na kwamba mnatafuta chujio la kutoa zebaki kwenye maji. Kwenye maji, mwanangu! Mimi nilisikia vizuri. Sasa Katoro kuna bwana mwenye kipaza sauti anauza matone ya kunywa, na baba yako amenunua kichupa. Kwake yeye, nano ni vimashine vinavyoingia kwenye damu kuwinda zebaki. Nilipomuuliza vikishamaliza kuwinda vinatokea wapi, akanicheka: "Mama, hii ni sayansi." Jirani naye ana mafuta ya nywele yameandikwa nano. Kila mtu na nano yake, halafu mshamba ni mimi.

Naogopa, Kabula. Daktari alimkataza kabisa kugusa zebaki. Juzi amerudi machimboni kuosha mchanga kwa zebaki ileile, eti kinga anayo. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Akanijibu taratibu, kichupa kakishika kwa mikono miwili kisimwagike: "Mama Kabula, hii ndiyo anayoisoma mtoto wetu. Nikiikataa mimi baba yake, nani ataiamini?"

Angekuwa amedanganywa na muuzaji tu, ningemweza. Huyu anakunywa kwa ajili yako.

Panda basi uje. Usije na makaratasi wala maneno makubwa. Kaa naye, umwambie kwa Kisukuma, mtoto kwa baba yake, kwamba kile kichupa si chako.

Nakungoja,
Mama yako