Jogoo wa Kumtoa Mume Wako

Mama yangu mzaa chema,

Barua hii haina posta ya kuifikisha, najua. Hata ungekuwepo ungenirudishia nikusomee mwenyewe, maana kisomo cha watu wazima wewe ulikiendea umbea. Basi naandika huku nakusomea, na jogoo wako anawika hapa uani kama aliyelipwa.

Unakumbuka tulipohamia kijijini? Mwili ulihama, moyo ukagoma. Kila msimu wa korosho ulirudi kwenye mahame yetu ukakaa huko ukiokota, ukisema mikorosho haipandi lori. Msimu mmoja wa namna hiyo, wewe ukiwa huko, kijiji kikanichagua nijifunze kazi ya usaidizi kwenye zahanati. Mama, nilifurahi hadi nikaunguza ugali! Halafu furaha ikaniisha: Hamisi nimwache na nani? Baba yake alikuwa mkongeni, Tanga, na zahanati haikutaka mwanafunzi mwenye mtoto mgongoni.

Kilichoniokoa ni kituo cha kulelea watoto ambacho kijiji kilikuwa kimekifungua karibu na ghala. Mlezi alikuwa Bi Zuhura, uji ulitokana na mtama na karanga za shamba la kijiji, na mama yeyote aliruhusiwa kumwacha mwanawe akaenda kazini. Nikampeleka Hamisi, nikamwomba balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa akipita mahameni, akuondoe wasiwasi. Naye, Mungu amsamehe, akakukatia maneno: "Mjukuu wako yuko kituoni, mama yake yuko zahanati."

Ala! Wewe ulijua kituo kimoja tu duniani, cha polisi. Mtoto kakamatwa, mama kaumizwa! Hukuuliza swali. Ulimkamata jogoo, ukamfunga miguu, ukashika njia ya Mikindani. Kwa hofu ukampa shikamoo askari wa umri wa kumzaa.

"Nimekuja kumtoa mume wangu, Hamisi."

"Ana kosa gani, Mama?"

"Kosa atalitoa wapi? Hata meno hayajamwisha kuota."

Askari alicheka hadi akavua kofia. Akakueleza kituo ni kipi, akakurudisha na jogoo wako.

Ulipofika kwa Bi Zuhura waliokuona njiani walikuwa wameshaniita, nimesimama mlangoni. Ukikasirika Kiswahili kilikukimbia, ukaanza "nangu, nangu" badala ya "mimi." Ulifoka kwamba mume wako analishwa na watu baki kana kwamba ukoo wake umekwisha. Nilijua ukimbeba ukaondoka naye, hakuna wa kukupinga, na zahanati yangu imeishia hapo. Nani angebishana nawe? Mimi?

Hamisi akakuona. Hakukukimbilia. Alikuwa mkekani na wenzake, midomo imejaa uji, akakwambia, "Bibi, kaa chini. Subiri zamu."

Ukakaa! Wewe, uliyekuwa humsikilizi hata mwenyekiti wa kijiji. Bi Zuhura akakukaribisha kwa adabu, akakupa bakuli. Ukaonja, ukaonja tena.

"Karanga hizi mmezikaanga vibaya," ukasema. "Kesho nitakuja kuzikaanga mwenyewe."

Halafu ukanigeukia mimi niliyekuwa nalia kama mjinga: "Na wewe unangoja nini hapa? Wagonjwa watajitibu?"

Jogoo hukurudi naye. Watoto wakampa jina la Askari, na wewe ukawa bibi wa kituo kizima. Kila siku walikudai hadithi ya Mikindani, na kila ukiisimulia yule askari alizidi kurefuka. Ulipochoka, Hamisi aliimalizia, na mlizomeana hapo kama mke na mume kweli.

Leo mimi ndiye ninayewapima uzito watoto wa kituo hicho. Nina raha, Mama. Akija mwanamke anayehangaika amwache mtoto wapi aende shamba, namwelekeza, ila jina nalitamka lote: kituo cha kulelea watoto. Nimekwisha kupata somo.

Siku tulipokuzika, akina mama walimwambia Hamisi, "Bibi yako amechukuliwa." Walikwepa lile neno lenyewe, wamhurumie mtoto. Hakulia. Alitoka akapotea, tukamtafuta hadi uani. Mara namwona anarudi kutoka kituoni, amemkumbatia Askari, miguu amemfunga kamba vibaya vibaya.

"Mama," akaniambia, "twende tukamtoe mke wangu."

Nilicheka, Mama. Nilicheka msibani, watu wakanitazama, kisha ndipo machozi yote niliyokuwa nimeyabana yakatoka. Nikamwambia huko uliko hakupokelewi jogoo, hupokelewa dua. Akafikiri kidogo, akamfungua kamba.

"Basi tuombe. Lakini Askari tumweke karibu, wakibadili mawazo."

Ndiyo maana anawika hapa uani kwangu. Kazeeka, nyama yake sasa haitafuniki, na hakuna anayethubutu kumtazama kwa jicho la mchuzi.

Pumzika salama, Mama. Mumeo ameanza shule, anakusalimu, na anasema hajaoa mwingine.

Ni mimi mwanao,
ambaye pia ni mkweo.