Salamu za Babu kwenye Barua Pepe ya Bure

Jumamosi, 3 Januari

Dagaa nimeanika. Mama yuko sokoni, simu ni yangu mpaka saa saba. Imeniandikia tena: nafasi imejaa. Kioo kina mstari wa kijani, unazidi kunenepa. Jumamosi ijayo mama anaibadilisha kwa fundi, na fundi atafuta kila kitu.

Ndani mna sauti kumi na moja za babu wa Bujora, baba yake mama. Alifariki Agosti. Nilimrekodi nimeficha simu chini ya kanga. Hakuna anayejua.

Memori kadi haipokei. Barua pepe ya mama alimfungulia kijana wa duka la simu, siku ile ile tuliponunua. Neno la siri akabaki nalo. Duka limehama. Mtaani kwetu Kiseke sote tunafanya hivyo, sijui kwa nini.

Jumapili, 4 Januari

Neema, ninayekaa naye dawati moja, aliwahi kunitajia barua pepe nyingine. Bure, nafasi tele, haina matangazo. Nimefungua baada ya ibada. Kweli! Hakuna mkopo wa haraka, hakuna dawa ya kupunguza tumbo. Peupe tu, kama daftari jipya. Sasa hao watu wanakula nini? Rahisi ghali, mama husema.

Nikajitumia sauti ya kwanza, babu anataja ng'ombe wake kwa majina. Dakika nne na sekunde kumi. Ikaingia, dakika nne na sekunde kumi. Hata kikohozi kipo. Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Jumatano, 7 Januari

Zimeingia kumi. Ya kumi na moja sijaigusa.

Leo nimesoma masharti. Kiingereza cha kuchosha, kamusi pembeni. Mwishoni kabisa nikakuta: kisanduku kisipofunguliwa siku sitini, kinafutwa na vyote vilivyomo. Kumbe ndiyo bei yake.

Jumanne narudi bweni. Simu marufuku. Likizo fupi ni mwisho wa Machi. Nimehesabu mara mbili kwenye kalenda ya parokia. Siku sitini zinaishia katikati ya Machi. Nitakuta patupu.

Lazima mtu awe ananifungulia. Neema naye yuko bweni. Anabaki mama.

Alhamisi, 8 Januari

Sitaki. Naandika ukweli hapa.

Kwenye ya kumi na moja babu aliniona. Anacheka, anasema, "We mjukuu, hicho kidude kinasikia? Haya. Mbuke, mwangaluka." Mbuke ni mama. Mwangaluka ni salamu yetu ya asubuhi, Kisukuma. Halafu kimya. Anangoja aitikiwe.

Salamu ukitumwa unafikisha. Kwetu hata mtoto mdogo anajua. Mimi niliona aibu kusema nilirekodi kwa kujificha. Nikasema kesho. Wiki ile ile babu akafariki. Mwezi wa tano huu nimeikalia. Mwoga mimi.

Ijumaa, 9 Januari

Nimeituma ya kumi na moja. Kisha nikamwambia mama yote, tukichambua mchele. Nilikuwa natazama mchele.

"Kumbe! Bubu wewe, ndiwe unayerekodi watu?"

Akaendelea kuchambua. Hakuomba kusikia. Neno la siri nimeliandika kwenye karatasi, nimebandika ndani ya mlango wa kabati. Nikamwomba awe anafungua kila Jumapili akitoka ibadani. Akasema tutaona. Nadhani amekasirika.

Jumatatu, 12 Januari

Tranka limefungwa. Simu mpya ina kioo kizima.

Asubuhi nimemkuta mama jikoni, karatasi mkononi, anabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja. Nikabaki mlangoni. Akaruka zote kumi, akaenda ya mwisho. Babu akacheka. Akasalimia. Akangoja.

Mama akaweka mwiko chini.

"Mwangaluka, baba."

Uji uliungua kidogo. Tumeunywa hivyo hivyo.