Mawe Niliyotandika Katikati ya Vitunguu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana maji yamenifika shingoni. Mimi na mume wangu tunalima vitunguu juu kidogo ya ufuo, shamba la marehemu baba mkwe, tunalirutubisha kwa mwani tunaoukokota kutoka pwani, na majirani wote wameshauza, sasa tumezungukwa na nyumba za watu wanaofanya kazi mjini na kurudi kulala tu, nao wamechonga njia katikati ya vitunguu vyetu kwenda stesheni. Mume wangu damu inamchemka. Mimi, mshauri, nashindwa kuwachukia. Alfajiri madirisha yanawaka moja baada ya jingine mpaka kule chini baharini, kisha wanatoka, msururu mrefu, viatu mkononi kwa sababu ya tope, hakuna anayekanyaga hata jani, nami nasimama na jembe langu mwili unanisisimka, najiuliza watu wote hawa walikuwa wapi. Nikawaonea huruma, nikatandika mawe penye tope, kimyakimya. Mume wangu alipoyaona akasema, "Sasa wanajenga barabara kwenye shamba la baba." Akamshuku muuguzi aliyepanga nyumba jirani nasi, akamtolea maneno mazito mbele ya watoto wake, nami nilikuwepo, sikusema mawe ni yangu. Jumamosi mume wangu anafunga seng'enge kuziba njia. Nikisema ukweli ataniona msaliti. Nifanyeje?

Mama Vitunguu

Mama Vitunguu, pole, ila nawe umezidi. Huruma ya kutandika mawe unayo, ya muuguzi umeiacha wapi? Mwanamke wa watu anatukanwa mbele ya wanawe, wewe kimya. Leo hii, kabla hujainjika chungu, mwambie mumeo mawe ni yako. Atavimba, mwache avimbe. Kisha mwende wote kwa muuguzi mkamwombe radhi, wewe ukitangulia kusema. Na kesho alfajiri mtoe kitandani, asimame pale unaposimama, aone hayo madirisha. Akishaona na bado anataka seng'enge, afunge, lakini aache upenyo wa mtu mmoja.

Nikwambie jambo. Mimi pia hupanda treni ya alfajiri, na hukatiza shamba la mtu. Msimu mzima wa mvua nilifika kazini na tope magotini, hadi asubuhi moja nikakuta mawe. Nilibaki nimeduwaa: nani huyu ameinama gizani kwa ajili yetu, na hata majina yetu hayajui? Sijui kama shamba lile ni lako. Kama si lako, basi mko wawili, na mimi tangu siku ile nikifika penye mawe yale hutembea taratibu, hata treni ikipiga honi.